FEDHA ZA KUTIBU NG'OMBE: ZATOKA WAPI?

Ng'ombe haugui siku ambayo mkulima ana fedha. Huugua mwezi wa Februari, karo ya shule ikiwa imekwisha kulipwa, mahindi ya ghalani yamepungua, na plau yangoja mvua. Siku hiyo maksai mmoja hukataa majani, hushusha masikio, na asubuhi ya pili hawezi kusimama. Daktari wa mifugo yupo, na dawa ipo dukani. Kinachokosekana ni fedha.

Hapa Ntimaru jambo hili si dogo. Wakulima wengi hulima kwa ng'ombe. Maksai wawili wakivuta plau, shamba hulimika kwa wakati. Mmoja akifa, yule aliyebaki hawezi kuvuta peke yake. Basi hasara si ya ng'ombe mmoja, bali ni ya msimu mzima: mahindi hupandwa kwa kuchelewa, na nyumba hununua unga mwezi ambao ingekuwa ikiuza. Katika skimu za makazi ambako watu hufuga ng'ombe wa gredi, hasara huja kwa njia ya maziwa. Ng'ombe akikauka kwa ugonjwa, fedha za kila mwezi hukauka pamoja naye.

Makala haya yaeleza mahali ambapo mkulima aweza kupata msaada wa fedha za matibabu, na namna ya kujitayarisha kabla ugonjwa haujabisha mlango.

KWA NINI SASA TWALIPA?

Wazee wetu wakumbuka wakati ambapo Bwana Mifugo alikuja na sindano yake na mkulima akalipa kidogo sana, au asilipe kitu. Skimu za ekari milioni moja zilipoanza mwaka 1962, walowezi wapya walipewa mikopo ya ardhi na ya kuendeleza shamba, pamoja na kununua ng'ombe wa gredi. Serikali ilijua kwamba ng'ombe akifa, deni halifi. Kwa sababu hiyo iligharimia kwa sehemu kubwa majosho, matibabu na upandishaji wa ng'ombe kwa sindano.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mambo yalibadilika. Serikali ilianza kupunguza gharama zake, majosho mengi yakakabidhiwa kamati za wakulima, na kutibu mnyama mmoja mmoja kukawa kazi ya madaktari wanaojitegemea. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikazipa serikali za kaunti kazi ya huduma za mifugo na kuzuia magonjwa ya wanyama. Kwa hiyo leo mkulima wa Ntimaru hana haja ya kwenda Nairobi kuuliza habari za chanjo. Huanza ofisi ya mifugo ya wadi yake, na kutoka hapo hufika Kegonga au Migori.

Yafaa mkulima aelewe tofauti hii: ugonjwa wa ng'ombe wako peke yako ni mzigo wako, lakini ugonjwa unaoenea kwa ng'ombe wa watu wote ni kazi ya serikali. Mwenye kuijua tofauti hii huokoa fedha nyingi.

MSAADA WA KWANZA: KAZI YA SERIKALI

Magonjwa kama kimeta, ugonjwa wa miguu na midomo, homa ya mapafu ya ng'ombe na kichaa cha mbwa yametajwa katika sheria ya magonjwa ya wanyama, Sura ya 364. Mkulima akiyaona au akiyashuku, inampasa kutoa taarifa. Kutoa taarifa hakuna ada. Ofisi ikipata habari mapema, huleta chanjo kwa eneo zima na kuweka karantini. Mara nyingi chanjo za namna hiyo hutolewa bure au kwa ada ndogo, kuliko ambavyo mtu mmoja angeweza kuinunua.

Chanjo nyingi za mifugo hutengenezwa hapa nchini na taasisi ya serikali iitwayo KEVEVAPI, iliyoanzishwa mwaka 1990. Mwishoni mwa mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50 nchini kote. Habari za chanjo zikifika katika baraza la chifu, uliza mambo matatu: ni ya ugonjwa gani, italetwa siku gani, na kuna malipo au hakuna. Uliza mbele ya watu, ili jibu lisikiwe na wote.

Wako wanaoficha ugonjwa kwa kuogopa karantini. Ni kweli kwamba karantini hufunga minada, tena huumiza. Lakini kuficha hufanya ugonjwa ufike kila boma, na karantini ikawa ndefu zaidi. Na hapa pana somo jingine. Sisi watu wa huku husema kwamba ng'ombe ndiye benki yetu. Ni kweli, lakini benki hiyo hufungwa siku ile ile inapohitajiwa: ugonjwa ukiingia, minada hufungwa, na mwenye ng'ombe 12 hawezi kumwuza hata mmoja ili awatibu 11. Kwa hiyo fedha kidogo za taslimu ni lazima ziwepo pembeni.

KUCHELEWA NDIKO GHARAMA

Tuchukue ndigana kali, ambayo huua ndama na ng'ombe wa gredi wengi kuliko magonjwa mengi. Huletwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Siku nane hadi kumi na mbili hivi baada ya kuumwa, tezi chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, kisha homa hupanda. Baadaye mnyama hupumua kwa shida na kutoa povu puani. Akifika hapo, hata dawa iliyo bora mara nyingi haimwokoi.

Dawa inayotumika sana huitwa buparvakwoni, na kipimo chake hufuata uzito: mililita 1 kwa kila kilo 20 za mnyama. Ndama wa kilo 60 hutumia mililita 3, na maksai wa kilo 300 hutumia mililita 15, yaani mara tano ya ndama. Pengine daktari huona lazima arudie sindano baada ya siku mbili au tatu. Mkulima anayenunua nusu ya kipimo ili apunguze gharama hupoteza fedha zote: za nusu ya dawa na za ng'ombe mzima.

Dawa ya bei rahisi kuliko zote ni ile ya kuua kupe. Pampu ya kunyunyizia dawa ikinunuliwa na majirani watano, kila mmoja hulipa sehemu ya tano tu. Dawa ichanganywe kwa kipimo cha kibandiko. Ikiwekwa kidogo, kupe hawafi, bali huizoea.

Tena iko chanjo ya ndigana kali. Ilitokana na kazi iliyofanywa huko Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Mnyama huchanjwa mara moja maishani. Shida yake ni kwamba huhifadhiwa katika baridi kali sana, na kifuko kimoja kikishafunguliwa hutosha ng'ombe wapatao 40 na lazima kimalizike siku hiyo hiyo. Mtu mwenye ng'ombe wanne hawezi kumwita mchanjaji peke yake. Lakini watu kumi wenye ng'ombe wanne kila mmoja waweza. Basi umoja peke yake ni msaada wa fedha. Wanaopakana na Trans Mara wamwulize daktari pia habari za nyati, kwa sababu ndigana inayotoka kwa nyati chanjo hii haiizuii vizuri.

SANDUKU LA NG'OMBE

Njia iliyo karibu zaidi na kila mkulima ni kikundi. Vyama vya kuchangiana twavijua, nasi twavitumia kwa mazishi, kwa sufuria na kwa karo. Kwa nini tusivitumie kwa ng'ombe?

Tufanye hesabu. Tuseme wanachama ni 25, na kila mmoja hutoa Shs. 50/- kila juma.

Kwa juma moja: 25 × 50 = Shs. 1,250/-
Kwa mwaka wa majuma 52: 1,250 × 52 = Shs. 65,000/-

Tuseme tena kwamba tiba moja ya ng'ombe mkubwa hufika Shs. 3,000/-. Sanduku hilo laweza kulipia tiba 21 kwa mwaka na kubakiza akiba kidogo. Wanachama wakirudisha nusu ya gharama baada ya kuvuna, sanduku halitakauka.

Jambo hili si geni duniani. Katika karne ya 19 vibarua wa mashambani huko Uingereza, hasa jimbo la Lincolnshire, walianzisha vyama vya ng'ombe. Walikuwa watu maskini wenye ng'ombe mmoja au wawili. Kila mmoja alitoa mchango kwa kila ng'ombe, ng'ombe walikaguliwa kabla ya kuandikishwa, na aliyefiwa alilipwa kutoka katika mfuko. Hawakuwa na benki wala bima kubwa. Walikuwa na daftari na majirani waliojuana.

Kujuana huko ndiko nguvu ya kikundi. Hapa Kuria wazee wa iritongo na vijana wamejua kukaa pamoja ili kuwalinda ng'ombe na wezi. Mwizi wa usiku huchukua ng'ombe kumi mara moja na watu wote hupiga yowe. Kupe huchukua mmoja mmoja na hakuna anayepiga yowe.

Kikundi kinachotaka kudumu kina masharti yake:

1. Kiandikishwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kiwe na mwenyekiti, katibu na mweka hazina.
2. Kila ng'ombe aandikwe katika daftari: rangi, umri, alama. Ng'ombe mgonjwa asiandikishwe siku ya kuugua.
3. Fedha zilipwe kwa daktari au dukani kwa risiti, zisipewe mwanachama mkononi.
4. Asiyeogesha ng'ombe wake kwa utaratibu uliokubaliwa asilipiwe ugonjwa wa kupe.
5. Daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi.

Sharti la nne huleta maneno mengi, lakini ndilo linaloliokoa sanduku. Haiwezekani wanaoogesha waendelee kuwalipia wasioogesha.

MAZIWA NA AKIBA

Wauzao maziwa katika chama cha ushirika wana njia nyingine. Chama chaweza kupatana na daktari awatibu ng'ombe wa wanachama, kisha gharama ikatwe kidogo kidogo katika malipo ya maziwa. Mkulima hatoi fedha siku ya ugonjwa, na daktari ana hakika ya kulipwa. Ikiwa chama chako hakina mpango huo, upeleke katika mkutano mkuu wa mwaka. Usiulete siku ambayo ng'ombe wako amelala chini.

Sako nyingi hutoa mkopo wa dharura kwa mwanachama aliye na akiba. Faida yake ni kwamba hutolewa upesi, na riba yake hujulikana mapema. Lakini hauwezi kuupata leo ikiwa hukuweka akiba jana. Kabla ya kujiunga, hakikisha sako imeandikishwa, na ikiwa yapokea na kutoa akiba kama benki, iwe na leseni ya SASRA.

MIKOPO YA SERIKALI

Mikopo hii ipo, lakini kila mmoja una kazi yake. Inampasa mkulima achague ule unaofaa.

Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi vilivyoandikishwa vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kupitia maeneo ya ubunge. Haina riba, ila kuna ada ya asilimia 3. Huchukua muda kutolewa, kwa hiyo haifai kumtibu ng'ombe wa leo. Inafaa kununua pampu, kutengeneza josho, au kuanzisha ufugaji utakaolipa bili za kesho.

Hazina ya Hasla ilizinduliwa Novemba 2022. Mtu hukopa kwa simu. Ilipoanza mikopo ilikuwa ya Shs. 500/- hadi Shs. 50,000/-, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka na muda wa siku 14. Sehemu ya mkopo huwekwa akiba, kwa hiyo hupati yote mkononi. Yaweza kumfaa mtu anayengoja malipo ya maziwa mwisho wa mwezi. Haimfai anayengoja mavuno ya Agosti, kwa maana siku 14 zitapita mahindi yangali machanga.

Shirika la Fedha za Kilimo, AFC, lilianzishwa mwaka 1963, na hukopesha wakulima kwa kazi za shamba na mifugo. Unapoomba mkopo wa kununua ng'ombe, usiandike bei ya ng'ombe peke yake. Andika pia chanjo, dawa ya kupe na matibabu ya mwaka wa kwanza. Wengi hukopa ng'ombe, wakasahau kukopa afya yake.

Tena kuna miradi inayokuja kupitia kaunti. Migori na Homa Bay zilikuwa kati ya kaunti 21 za mradi wa NARIGP, uliotoa fedha kwa vikundi vya wakulima na si kwa mtu mmoja mmoja. Miradi huja na kupita. Kikundi kilichoandikishwa, chenye daftari safi, ndicho hupokea mradi ufikapo. Kile kinachoundwa baada ya kusikia habari hufika kimechelewa.

Jihadhari na mikopo ya simu ya watu binafsi inayotozwa riba kwa juma. Mtu ameokoa ndama, kisha akauza mama yake ili kulipa deni.

BIMA YA NG'OMBE

Makampuni kadhaa ya bima nchini huandikisha ng'ombe, hasa wa maziwa. Mkulima hulipa kwa mwaka sehemu ndogo ya thamani ya mnyama. Tuseme ni shilingi 4 kwa kila 100: ng'ombe wa Shs. 80,000/- atalipiwa Shs. 3,200/-. Daktari humkagua kwanza, na mnyama hutiwa hereni ya namba sikioni.

Lakini fahamu vizuri: bima ya kawaida hulipa ng'ombe akifa. Hailipi kila sindano. Uliza kabla ya kutia sahihi: magonjwa gani yamo, kama wizi umo, taarifa ya kifo itolewe baada ya saa ngapi, na ni nani atakayempasua mnyama na kuandika cheti. Anayemzika ng'ombe kwanza na kupiga simu baadaye huenda asilipwe kitu.

Ile bima iliyoanza Marsabit mwaka 2010, inayolipa kwa kupima ukavu wa malisho kutoka angani, ni ya wafugaji wa nchi kavu. Haikutengenezwa kwa ajili ya magonjwa ya huku kwetu.

MASHIRIKA YA HISANI

Huko London mwaka 1917 mama mmoja, Maria Dickin, alifungua mahali pa kutibu bure wanyama wa maskini, na shirika lake, PDSA, lingali linafanya kazi Uingereza. Wakulima huuliza kama kuna kitu cha namna hiyo hapa. Kwa ng'ombe wa shamba, msaada wa kumlipia mtu mmoja bili yake ni adimu. Mashirika hupenda kusaidia kwa mafunzo na kwa vikundi. Brooke East Africa hushughulika na punda. Heifer International hutumia mpango wa kupitisha zawadi, ambao mtu aliyepewa mnyama humpa jirani mtoto wa kwanza wa kike. Ofisi ya mifugo ndiyo ijuayo ni shirika gani linafanya kazi katika wadi yako mwaka huu. Mtu akikuambia ulipe ada ili uandikishwe kupewa msaada, usimpe kitu kabla hujauliza ofisini.

IKIWA HUNA KITU LEO

Kwanza, mwite daktari mapema, umwambie ukweli kuhusu fedha kabla hajachanganya dawa. Wengi hukubali kulipwa mara mbili ikiwa mkulima ni mwaminifu. Andikianeni kiasi na tarehe.

Pili, kubalianeni na jirani mwenye mgonjwa pia, daktari aje mara moja kwa wote. Nauli ya pikipiki hugawanywa.

Tatu, uliza: "Je, daktari, mnyama huyu ana nafasi ya kupona?" Daktari mwema hujibu wazi. Pengine ni heri kumwuza mbuzi mmoja leo ili kumwokoa maksai. Pengine ni heri kutotumia fedha kwa mnyama mzee aliyekwisha kushindwa. Lakini mnyama aliyetiwa dawa asichinjwe, wala maziwa yake yasinywewe, kabla siku zilizoandikwa kwenye dawa hazijapita. Na mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikitoka puani asichunwe kabisa. Huenda ni kimeta, nacho huua watu.

Nne, usimwite asiye daktari kwa sababu ni rahisi. Kwa sheria ya mwaka 2011, madaktari na wasaidizi wa mifugo huandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwombe akuonyeshe cheti chake. Kuomba si kumvunjia heshima. Sindano ya mdanganyifu hulipiwa mara mbili: kwake, kisha kwa daktari wa kweli atakayeitwa baadaye, ikiwa ng'ombe angali hai.

MASWALI TULIYOULIZWA OFISINI

Swali: "Bwana Karani, mimi ni mjane, nina ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Kikundi kitanikubali?"
Jibu: Ndiyo, mama. Mchango ukihesabiwa kwa kila ng'ombe, mwenye mmoja hulipa wa mmoja, na mwenye kumi hulipa wa kumi. Omba utaratibu huo uandikwe katika sheria za kikundi.

Swali: "Josho letu limevunjika. Tungoje kaunti?"
Jibu: Mzee wangu, andikeni barua ya kamati kwa ofisi ya mifugo na kwa mjumbe wa wadi, mkitaja kiasi mlichokwisha kuchanga ninyi wenyewe. Huku mkingoja, nunueni pampu ya pamoja. Kupe hangoji bajeti.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Toa taarifa ya ugonjwa wa kuambukiza mara moja, ni bure. Ogesha kila juma. Weka fedha za ng'ombe mbali na fedha za nyumba, hata zikiwa Shs. 50/-. Andika namba ya daktari ukutani. Jiunge na kikundi sasa, ng'ombe wakiwa wazima, kwa maana hakuna chama kinachomwandikisha ng'ombe aliyelala chini.

Mvua zakaribia. Juma hili waiteni majirani kumi, leteni daftari moja na kalamu, muwaandike ng'ombe wenu. Ofisi ya mifugo ya wadi itawaonyesha namna ya kuandika sheria za kikundi.